Shindano ya Orpa

Jumatatu, 3/11/2014

Kesho Docteur Jéthro atapasua bamama babili, kuwatoa mawe ya nyongo, na ile camera ya kupitisha mu katundu kadogo. Hapa kwetu Butembo! Mimi njo wa kuwalalisha na dawa. Shindano za dawa ya kuzuia kutapika zimebakia mbili tu, moja kwa kila mutu. Barabara ya Beni ni mauaji tu, dawa hazifiki.

Jumanne, 4/11

Operation zote mbili zimeenda muzuri. Lakini mimi...

Wa kwanza alikuwa Orpa. Alitoka Mangina kwa miguu, nikajisemea huyu ako nguvu. Wa pili Léa, présidente wa korali yetu. Korali yote itakuja kumusalimia — atapike mbele yao? Nikamupiga Léa shindano zote mbili. Ku fiche ya Orpa, karatasi yake ya ugonjwa, nikaandika: amepigwa shindano. Nikatia na sahihi yangu!

Jumatano, 5/11

Orpa anatapika tangu jana. Hata maji hayakai. Anashika tumbo, analia. Nikamushikia bassine, akasema: wasingya, aksanti, mama Christa, Mungu akubariki. Aïe! Nasikia haya mpaka mu mifupa.

Bwana yake, Kasonia, waasi walimubeba mwezi wa tatu, hajarudi. Mama mukwe, Mukaka Agar, anaangalia ile bassine, anahesabu miezi ku vidole.

Alhamisi, 6/11

Leo Mukaka amesema yake. Mbele ya bagonjwa bote. Operation moja, siku moja, Léa anakula uji, huyu anatapika — na bwana hapana ku nyumba! Ni mimba ya nani? Na tutundu tune tudogo hivi, njo munaita operation?

Docteur akafanya test. Hapana mimba. Mukaka akacheka: ile kakaratasi ni yenu nyinyi. Anasema ataenda kubeba batoto ya Kasonia leo leo, Orpa arudi kwao.

Docteur akafungua fiche, akasoma, akashangaa. Akaniuliza: Christa, ulimupiga shindano kweli? Nikasema ngoja niangalie mu registre. Registre gani! Nimejifungia mu dépôt ya dawa, naandika. Mwoga mimi! Neno moja tu, batoto wanabakia na mama yao. Neno moja, na kazi yangu imeisha, na korali...

Nyuma ya mulango Orpa anawaambia: muulize mama Christa, yeye hawezi kudanganya.

Banagonga. Si Docteur. Ni Orpa, ametoka ku kitanda na mupira ya sérum mukononi, ananiita polepole —