Mashine Isiyojua Mwezi

Kalundu, Uvira, tarehe 5, mwezi wa kenda 2024

Kwa Lionel, mtoto wangu wa kwanza na diplome yangu,

Jambo sana. Ile homa ilikuacha? Unakula? Huku tuko wazima, isipokuwa goti langu: linajiona mtu mkubwa, halitaki kusimama mbele ya watu. Nakuandikia ku karatasi na kumpa Pierre wa mu boti, juu telephone ya biashara iko mu mikono ya mashine yako ya kujibu wateja. Nikikuandikia mule, naogopa itanijibu yenyewe.

Mwanangu, inatumika! Mteja anaandika, "Mama Lionel, ndagala iko?" Kabla sijafuta magamba ya hao samaki wadogo ku mikono, imekwisha kumujibu kwa jina langu, na heshima zote, hata kwa Kifaransa. Wateja wanafikiri ni minye. Minye niliyeishia darasa la sita! Nimewaacha wafikiri hivyo. Olga wa meza ya pembeni bado anaandika kwa kidole kimoja, kama kuku anayechokora takataka. Namuhurumia. Hapana, simuhurumii.

Na yale mafundisho ya mashine uliyoniomba nirekodi, niliyasema kwa sauti bila kupumua: vibeseni, ndagala bichi, ndagala kavu, na namna ya kushika mteja asiponyoke.

Mama yako mwenye kukuzaa.


Kalundu, tarehe 21, mwezi wa kenda

Lionel,

Jambo. Uko muzima? Chérie mke wako? Nauliza juu nililelewa vizuri, si juu niko na furaha.

Mashine yako ni mjinga. Imesoma vitabu vyote vya Wazungu, na haina akili ya mtoto anayenyonya.

Unamujua Sabine wa Songo, yule anayepika ku sherehe za watu. Miaka kumi na tano hanunui samaki kwa mwingine. Juzi aliandika: wakwe wanakuja kutoa mahari ya binti ya dada yake, atapata kesho vibeseni viwili vya ndagala bichi? Mashine ikamujibu: "Ndiyo, mama mupenzi! Bichi kabisa, zitatoka ziwani alfajiri."

Lionel! Na mwezi umejaa kama sahani! Nani huku hajui? Mwezi ukiwaka, ndagala hawafuati taa za wavuvi usiku, wavuvi wanabaki inchi kavu kushona nyavu mpaka giza lirudi. Hata mbuzi wa Kalundu wanajua.

Sabine akafika na vibeseni vyake, na wamama wawili wa upande wa wakwe nyuma yake. Ku meza yangu: ndagala kavu tu. Olga alicheka mpaka kitenge kikamufunguka. Sabine hakupiga kelele, heri angepiga. Alisema, "Mwezi niliuona, Mama Lionel. Nikasema, lakini huyu hajanidanganyaka hata siku moja."

Unasikia? Aliniamini minye kuliko mwezi. Sasa anapita mbele yangu na kwenda kwa Olga, hanigeukii.

Toa hicho chuma chako mu telephone yangu. Ingénieur gani weye!

Mama yako, hata kama umenifedhehesha.


Kalemie, tarehe 27, mwezi wa kenda

Mama yangu,

Jambo Mama. Homa ilikwisha. Chérie anakusalimia na anauliza goti.

Niliposoma ile ya Olga na kitenge chake nilicheka, unisamehe. Kisha nilisikiliza tena ile sauti yako. Dakika ya tatu unasema, naandika bila kubadilisha: "Weye mashine, usimwambie muntu hakuna. Kamwe! Ukisema hakuna, anaenda kwa Olga." Mama, ilikutii. Haijaona ziwa, haijui mwezi. Ilikuwa na maneno yako tu.

Kosa langu ni kubwa zaidi: niliiacha iseme kwa jina lako. Sabine angejua anaongea na mashine, angeuliza mara ya pili. Ukikubali, nitaibadilisha. Itajitaja kwanza, na habari ya samaki bichi haitaigusa mpaka weye mwenyewe uiandikie kila asubuhi kama iko ao haiko.

Lakini kwa Sabine sina dawa ya mashine. Kule ni miguu yako.

Mtoto wako, Lionel.


Kalundu, tarehe 20, mwezi wa kumi

Kwa Lionel, anayehesabu dakika za mama yake,

Jambo. Sisi wazima. Barua yako ililala chini ya godoro wiki nzima, nilikuwa nimekasirika nayo. Kisha nilikutumia ile sauti ya neno moja, "Badilisha," na nikapanda Songo kwa Sabine na hili goti.

Sikubeba samaki, angesema nimekuja kununua mdomo wake. Nikamwambia, "Sabine, si minye nilikuandikia. Ni mashine ya mtoto wangu. Lakini uongo niliifundisha minye."

Akaweka mwiko chini. "Kumbe ile 'mama mupenzi' ni chuma ilikuwa inaniita?"

"Ni chuma."

"Wakwe wananicheka mpaka leo, wananiuliza kama kwetu watu wanavua ndagala mchana." Hakunipa kiti. "Rudi kwako, Mama Lionel. Mwezi utajaa tena, tutaonana."

Basi mwezi ulijaa Alhamisi. Sabine akaandika swali moja kwangu na kwa Olga: "Ndagala bichi iko?" Ijumaa akasimama kati ya meza zetu mbili, akasoma majibu kwa sauti, wapagazi wote wakisikiliza. Olga, kwa kidole chake kimoja: "Iko mingi, kuja mbio." Ya kwangu: "Minye ni mashine ya Mama Lionel, si Mama mwenyewe. Ameniambia leo hakuna. Mwezi unawaka."

Mwanangu, ku meza ya Olga kavu tu! Alianza kupanga nyanya za jirani, yeye asiyeuza nyanya.

Usifikiri ninaiheshimu mashine yako, na usiiambie nilisema hivi. Ile ni kasuku. Lakini kasuku wa mwenye ukweli.

Sabine hakununua kitu. Alikunja kitenge chake, akanisalimia mara ya kwanza tangu ile siku, akasema: "Nitangoja giza."

Na minye ninangoja naye.

Mama yako, mama ya ingénieur.