Kutoka kwa Papa na Sifa Mugongoni

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 2, mwezi wa sita

Maharagi tena. Tangu asubuhi tunapiga, Mama na fimbo yake, mimi na yangu. Vumbi mpaka puani. Mukono wa kuume unauma.

Mama Riziki alipita kununua gunia. Ni mujane, ana resto kule Kashebere kando ya barabara, anapikia wenye pikipiki na madereva. Alinitazama nikipepeta. Akasema mbele ya Mama: "Huyu nampenda. Anipikie. Niko na chumba nyuma ya resto, iko inakaa bule." Mama alicheka kidogo, akaendelea kupiga. Mimi sikucheka.

Chumba. Na mulango wake wa kufunga.

Jioni Sifa, mutoto wangu, alianguka, akakwaruza goti. Mimi ndiye nilikuwa karibu. Alinipita, akaenda kwa mama yangu akilia, "Mama, Mama." Mimi ananiita Neema, kama wote hapa nyumbani wanavyoniita. Ana miaka mitatu. Si kosa lake. Imeniuma kuliko mukono.

Siku ya tatu, tarehe 4

Siku mbili nawaza chumba kile. Nikiteka maji, chumba. Nikipepeta, chumba.

Hapa sijafukuzwa. Nakula, Sifa anakula. Baba ya Sifa alienda kwenye machimbo mbele ya mutoto kuzaliwa, hakuleta hata mbuzi moja ya mahari, hakutuma neno. Papa, baba yangu, hakunitukana. Alisema tu: mutoto atakula hapa. Na kweli anakula hapa.

Basi kwa nini nataka kwenda? Niandike ukweli, hakuna anayesoma. Kwa sababu hapa mimi bado ni mutoto. Mama anapanga tupike nini, Sifa avae nini. Sifa analala kwa Mama. Nikimukatalia kitu, anaenda kwa Mama, anapewa. Mimi nina miaka ishirini na mbili, nalala kitanda kimoja na wadogo zangu wawili, na mudogo kabisa anapiga mateke.

Nawapenda. Nataka kuondoka. Vyote viwili ni kweli na vinanichosha.

Siku ya ine, tarehe 5

Nimesema. Kisha ya chakula, wadogo walipoenda kuosha sahani.

Papa akauliza kama nimepata mwanaume. Nikasema hapana. Akasema: "Hauolewi, haufukuzwi. Unatoka hapa kama nani?"

Nikasema nataka kufanya kazi.

"Enda ukitaka. Uko mukubwa. Lakini Sifa anabakia. Siku ya kukimbia vita, nani atamubeba? Hapa tuko watu wengi."

Mama alimuinua Sifa, aliyekuwa amelala tayari, akaingia naye ndani.

Nina hasira. Na mbaya zaidi, Papa ana haki. Mara ya mwisho tulipokimbia, yeye njo alimubeba Sifa mabegani mpaka porini. Mimi nilibeba sufuria na godoro, na godoro nikalitupa njiani. Sikumubeba mutoto wangu mwenyewe. Siku ile nilimushukuru Papa. Leo naona haya.

Bila Sifa siendi. Hiyo nimeijua leo.

Siku ya yenga, tarehe 8

Kanisani sikusikia mahubiri. Niliimba na wengine, midomo tu.

Mwenye pikipiki alileta neno la Mama Riziki: ananingoja juma moja tu, mpaka tarehe 16. Kisha atachukua musichana mwingine. Papa alisikia pia, alikuwa anafunga kamba ya mbuzi. Hakuinua kichwa.

Mama hanisemeshi tangu siku ile. Lakini mchana alinipa kiazi kikubwa kuliko vyote vya sufuria. Nilikila na hasira yangu. Kilikuwa kitamu.

Siku ya pili ya juma, tarehe 10

Leo nimefanya kitu ambacho siku moja nitakicheka.

Wote walikuwa shambani juu ya kilima. Mimi nilibaki na Sifa. Nikafunga muzigo kama wa kukimbia: sufuria, blanketi, unga, nguo. Nikamufunga Sifa mugongoni. Muzigo kichwani. Nikatoka mbio kutoka nyumbani mpaka mutoni, kisha nikaanza kupanda njia ya migomba. Nilitaka kujua tu. Kama mimi peke yangu ninatosha.

Sikutosha. Kwenye kupanda sufuria iliteleza, unga ukamwagika wote. Sifa alifikiri ni mchezo. "Neema, kimbia tena." Nikaketi kando ya njia, nikalia, naye anacheka mugongoni.

Nikarudia bila blanketi. Nikafika juu nikihema kama mbuzi. Papo hapo nikamuona Papa kati ya migomba, jembe begani. Sijui alianza kututazama tukiwa wapi. Aliangalia muzigo, akaniangalia. Akarudi shambani.

Unga sijui nitamuelezaje Mama.

Siku ya tatu, tarehe 11

Mama aliona unga umepunguka, hakuuliza. Hiyo ni mbaya kuliko kuulizwa.

Siku ya tano, tarehe 13

Nashindwa kuandika vizuri, nimechoka.

Asubuhi Papa aliniita nyuma ya nyumba, "na uje na mutoto." Muzigo wangu ule ule ulikuwa mbele yake, chini. Akasema: "Siku ile ulifunga kama bibi-arusi anapelekwa kwa bwana." Akaufungua wote. Sufuria akaiweka kando. "Hii unaacha. Unakimbia na sufuria, sufuria inafika, wewe haufiki." Akabakiza chumvi, kiberiti, dawa ya mutoto ya homa, kitambaa kimoja cha kikwembe, na bashi, ile plastiki ya kujifunika mvua. Yote yakawa kitu kidogo kama kichwa cha kabeji.

Kisha akanionyesha kufunga kikwembe cha mugongoni. Kinapita mara mbili chini ya makalio ya mutoto, fundo linakaa juu ya matiti, mikono inabaki huru. Mimi nilidhani najua kubeba mutoto.

Akanipandisha njia ile. Yeye nyuma yangu. "Haraka. Mikono usimushike, hataanguka. Haraka, mama." Tukashuka, tukapanda tena. Jirani mmoja aliyekuwa anapalilia aliuliza kama kuko vita. Papa akamujibu: "Hapana, tuko tunafanya sport." Tukapanda tena. Sifa alichoka mchezo, akalala mugongoni.

Juu kabisa Papa aliketi. Anazeeka, nimeona leo, alipokuwa anatafuta pumzi. Akasema: "Ukifika Kashebere, mbele ya kutafuta soko, tafuta njia ya kuingia porini. Uijue hata macho yamefungwa."

Nikauliza: na Sifa?

"Sasa nimekufundisha kufunga nini mugongoni? Maharagi?"

Nililia mbele yake. Hapendi. Akaniacha pale, akashuka.

Siku ya posho, mbele ya yenga, tarehe 14

Nilidhani Papa njo mugumu. Kumbe ni Mama.

Leo amefua nguo zote za Sifa. Hata zilizo safi. Amezianika kwenye ua moja moja, akazianua, akazianika tena. Nilienda kumusaidia. Bila kunitazama akasema: "Akilala anataka mukono juu ya tumbo. Usiutoe mpaka alale kabisa. Na hapendi ndizi iliyochomwa, anasingizia tu kula, anampa kuku."

Vyote viwili sikuvijua. Miaka mitatu, na sikuvijua.

Nikasema, "Mama, si kama nakunyanganya."

Akasema, "Unaninyanganya. Lakini ni wako." Akafuta pua kwa kikwembe, akaniuliza kama kuni zimeletwa.

Leo nimefikiri kubaki. Kama angesema neno moja tu, bakia, ningebaki. Nilikaa karibu naye mpaka jua likazama, nikingoja alitamke. Alinifundisha jinsi ya kumusuka Sifa bila kumuliza.

Siku ya kwanza, tarehe 16

Tumefika.

Papa alitusindikiza kwa miguu mpaka pale pikipiki inapopatikana. Mama alisema ana maharagi ya kupepeta, akabaki. Maharagi yalikwisha wiki iliyopita.

Sifa alilia toka tulipopanda. "Mama. Mama." Mwenye pikipiki akageuza kichwa: "Mama, bembeleza mutoto, si anakuita?" Sikumueleza. Nilimukaza mugongoni, nikasema, niko hapa, niko hapa, mpaka akanyamaza. Sijui kama alinisikia ao alichoka.

Mama Riziki alituonyesha chumba. Kidogo. Bati lina tundu moja. Mulango unafunga. Mbele za wateja akatangaza: "Huyu ni Mama Sifa, akiwapikia vibaya musimupigie kelele, mupigie mimi." Wote wakaniita hivyo jioni yote. Mara ya kwanza sikugeuka, nilidhani wanamuita mwingine.

Siku ya ine, tarehe 19

Kazi ni ngumu. Wali mbele ya jua kutoka, maharagi, sombe ya majani ya mihogo, tena wali. Madereva wanapenda kulalamika. Mmoja alisema sombe yangu iko na chumvi ya watu wawili. Kisha akaongeza sahani.

Nimepata njia ya porini. Inapita nyuma ya shamba la mihogo la Mama Riziki, inashuka kwenye kijito. Jana niliitembea na Sifa mugongoni, leo tena. Naogopa kidogo kuliko nilivyofikiri.

Sifa anaulizia nyumbani kila asubuhi. Namuambia tutaenda Noeli. Hajui Noeli ni mbali.

Siku ya yenga, tarehe 22

Kisha ya ibada resto haikufunguliwa. Kwa mara ya kwanza nimepika kwetu, si kwa wateja. Bugali na mboga ya lenga-lenga, kwenye makaa, mbele ya mulango wetu.

Nikakoroga kama kawaida. Nilipoipakua ikawa mulima. Bugali ya watu wa nyumba nzima: Papa, Mama, wadogo, wote. Mikono ilipima yenyewe, mimi nilikuwa nawaza mengine.

Sifa aliitazama. "Neema, nani anakuja?"

Nikamuambia hakuna, ni sisi. Akaangalia barabara hata hivyo. Kisha akanawa, akaketi, akala sana. Kipande kikubwa nilikipeleka kwa Mama Riziki, naye akasema bado sijajua nyumba yangu.

Sasa mvua ndogo inaanza. Bugali iliyobaki nimeifunika. Kesho nitapika kidogo. Bado sijui kidogo ni kiasi gani.