Kipande cha Kwanza

Mpendwa kaka Afanasi,

Pokea salamu zetu kutoka kambini, huku kando ya mto Olyokma. Natumaini wewe, wifi na watoto ni wazima, na kile kikohozi chako kimekwisha. Sisi tunaendelea. Mifugo yetu ya kulungu imezaa vizuri, mbwa mwitu hawajatusumbua, na mume wangu Gavril bado anakoroma mpaka mbwa wanahama hema.

Tangu uondoke na helikopta, Mama anakutaja kila saa. Ile sala yako kabla ya kula ilimgusa. Aliniuliza kama Mungu wako anasikia lugha yetu ya Kievenki au Kirusi tu. Nilipomwambia akuulize mwenyewe, alisema hathubutu, maana ukianza kuhubiri hunyamazi. Tulicheka sana.

Lakini kaka, lipo jambo. Ulimwambia kwamba kuulisha moto kipande cha kwanza cha kila mlo ni kuabudu mashetani, na tangu ubatizwe inakuumiza kumwona akifanya hivyo. Gavril alinung'unika kwamba moto huohuo ndio uliokulea, Mama akamwambia afunge domo lake. Akakuahidi kwamba ataacha. Tangu hapo hajautupia moto hata chembe ya mafuta. Unamjua Mama kwa ahadi.

Nilidhani amezoea. Kumbe anakonda, hata mkanda wake sasa unamzunguka ovyo. Nikafikiri ni ugonjwa, nikataka kumwita daktari kwa redio, akagoma katakata. Juzi nikamfumania nyuma ya hema akimmwagia mbwa mchuzi wake. Nikamkalia kooni mpaka akasema.

Alisema kwa aibu kwamba maisha yake yote hajawahi kula kabla ya moto. Kwake moto ni bibi mwenye hema. Akitia nyama mdomoni, koo linaziba. Akaniuliza, "Bibi hajala, mimi nitakulaje?" Mwanzoni alikuwa akienda na mkate wake mbali msituni, ambako moto haumwoni, akala huko. Sasa miguu haimfikishi. Anakunywa chai tu.

Nikajitolea kuulisha moto mimi, yeye ale. Alinikaripia! Alisema huko ni kukuzunguka wewe, na mwanawe hamdanganyi. Kaka, naogopa. Nikimfunika blanketi usiku nagusa mifupa.

Nikamuuliza kwa nini basi alikubali ahadi kama ile. Hapo akalainika. Alisema tangu watu wa serikali walipokuchukua kwenda shule ya bweni, mdogo hata viatu hujui kufunga, kila alipoupa moto kipande cha kwanza alikuwa akiuomba wewe usilale na njaa. Safari hii alikuona umenenepa, mashavu yanang'aa, akajua Mungu wako anakulisha vizuri. Akasema alichokuwa akikiomba ameshakipata, kwa hiyo akaona anaweza kuacha.

Sikuombi umwache Mungu wako. Nakuomba upande helikopta ya kwanza uje umfungue kutoka kwenye ahadi hiyo kwa mdomo wako, maana wa kwangu hausikilizi. Sali wewe kwa Kirusi, yeye atupe kipande chake, kisha tumwone akimeza.

Gavril anakusalimu, ingawa bado amenuna. Wabusu watoto kwa niaba yangu.

Mama naye anakusalimu sana. Ameniagiza nikuandikie kwamba anakula vizuri.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Oktyabrina