Ndoo, Mume Wangu na Bi Rula

Jumatatu, 3 Machi
Wameanza tena! Mume wangu, mwalimu wa fizikia, na yule mwalimu mpya wa hesabu — Bi Rula, jina nimempa mimi na linamfaa. Chai yote ya saa nne wanabishana kuhusu nafasi. Mume wangu anasema nafasi ni kitu chenyewe: toa meza, toa viti, toa dunia nzima, nafasi inabaki palepale, tupu. Bi Rula anasema ukitoa vitu vyote hakibaki chochote, nafasi ni umbali tu kati ya kitu na kitu. Kicheko! Meno yote nje! Mimi, fundi wa maabara, niko pembeni na kikombe changu kama sipo.

Nyumbani je? "Chumvi iko wapi?" Basi. Ndiyo maongezi yetu.

Jumatano, 5 Machi
Nasoma kitabu cha fizikia cha mume wangu kwa siri, jikoni, nikisubiri sufuria ichemke. Wivu huu utaniua. Si kwamba atachukuliwa — nani atamtaka mtu asiyejua soksi zake zilipo? Ni yale maneno. Zamani aliniambia mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Jaribio la ndoo ya maji, maabara. Nani kafunga kamba kwenye boriti? Mimi. Nani kaisokota mpaka viganja vikawaka? Mimi. Nikaiachia. Ndoo ikazunguka, maji yametulia. Kisha nayo yakazunguka, yakabonyea katikati, yakapanda pembeni. Mume wangu akapiga makofi: sasa maji na ndoo vinakwenda pamoja, lakini maji yamejua yanazunguka — ndani ya nafasi yenyewe! Bi Rula akasema wapi, yanazunguka kulinganisha na kuta, na nyota huko juu.

Nikasikia mdomo wangu unauliza: na kama pasingekuwa na kuta wala nyota, ndoo peke yake, maji yangejuaje?

Bi Rula akanikodolea macho. Akamwuliza mume wangu, huyu ulimficha wapi? Naye, mtu mzima hovyo, akacheka: aah, huyu kazi yake kuosha chupa.

Nimeosha chupa. Nimevunja mbili. Makusudi.

Jumapili, 9 Machi
Maajabu! Baada ya kula mume wangu kaniuliza lile swali nilikuwa na maana gani. Mimi! Nikaeleza kwa vijiko na bilauri, nikazungusha, nikalowesha kitambaa cha meza. Akasema kumbe una akili, mama watoto. Nimeosha vyombo nikiimba.

Jumatatu, 10 Machi
Saa nne nimepeleka mizani ofisi ya walimu. Niko mlangoni, nasikia sauti ya mume wangu: eti jana alikuwa amekaa tu, wazo likamjia. Neno kwa neno! Mpaka vijiko! Bi Rula kashika shavu, anamsikiliza. Swali langu — kampelekea yeye kama zawadi. Roho imeniuma.

Kisha Bi Rula akauliza: kwa hiyo maji ya ndoo iliyo peke yake yatapanda au hayatapanda?

Hilo jana hakuniuliza. Mume wangu akakohoa, akageuka, akaniona. Bi Rula naye akaniona, akavuta kiti: dada, njoo, wewe unasemaje?

Nikasema nakuja, nimesahau kitu maabara. Ndiko niliko, naandika haya. Jibu ninalo tangu Ijumaa. Mume wangu kanifuata mbio, kasimama mlangoni, anachungulia nyuma yake, ananong'ona: haraka, mke wangu, niambie mimi kwanza. Na viatu vya Bi Rula navisikia ukumbini, vinakuja —