Kishikwambi cha Mchungaji

Stumai, shika simu. Wifi yangu Dorkasi amejifungia stoo ya kanisa, analia, hataki hata maji.

Unakumbuka kile kishikwambi cha nusu bei alichoagiza mtandaoni? Zawadi ya akina mama ya kumuaga mchungaji, asome Biblia kwa herufi kubwa, maana macho yake yamechoka.

Boksi lilifika na nailoni yake. Nikamwambia tukiwashe kwanza. Akakataa. "Tukichana hiyo nailoni, Mvumi nzima itasema tumempa mchungaji mtumba." Akalifunga kwa karatasi ya maua, likaenda hivyo hivyo hadi madhabahuni.

Leo mchungaji kalifungua mbele ya watu wote. Vigelegele. Akakiinua juu, akabonyeza, kimya. Akasema, "Kitakuwa hakina chaji."

Dorkasi alikuwa amesimama karibu yake. Akaona kioo kimebanduka pembeni. Ni stika, Stumai. Stika juu ya plastiki, yale madude ya kupambia makabati ya dukani. Plastiki tupu.

Akaaga kama anaenda chooni, akakimbilia stoo. Kumpigia muuzaji, ameshamblock. Anarudia neno moja tu, "Nailoni. Nilikuwa naogopa nailoni."

Sasa wanamwita kwenye kipaza sauti aje aonyeshe pa kuchajia.

Nimechungulia. Mchungaji kakaa na waya wa kuazima, anakigeuzageuza, anakipapasa pembeni kwa kidole. Anamwambia mkewe tundu lazima lipo, ni macho yake tu ndiyo hayalioni.