Mama Mkwe Amemlilia Mtu wa Nyotani

Basotu, Hanang

Mama yangu,

Shikamoo. Dada akianza kukusomea hii, kaa kwanza kivulini, maana ina maneno mengi. Mguu unaendeleaje? Asali mmepata? Huku tu wazima. Mdogo anaota meno, halali, nami silali. Baba yao bado yuko na trekta kwenye mashamba ya ngano. Anakuja mara moja kwa mwezi, anakula, analala, anaondoka.

Mama, nilikuahidi kumleta Elina huko Yaeda kiangazi hiki umwone. Sitaweza. Nakueleza ilivyokuwa, usije ukafikiri nimewasahau.

Jumapili baada ya ibada shemeji alileta filamu kwenye flashi, zile ambazo dijei anatafsiri kwa Kiswahili juu ya sauti za Wazungu. Tukakaa sebuleni wote na mama mkwe. Ni habari za watu ambao nyota yao iliungua, wakashukia duniani. Hawakuuawa, walipewa kazi za nyumbani. Mwanamke mmoja akazaa na mwenye nyumba. Mtoto akawa anakula mezani, mama yake analala stoo, na amekatazwa kumsemesha kwa lugha ya kwao.

Sasa huyo dijei, kila yule mwanamke akifungua mdomo, anagonga-gonga ulimi, anatuiga sisi Wahadzabe. Shemeji akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Shemeji, ndugu zako hao. Hebu tutafsirie, anasemaje?"

Akajibu Elina: "Hasemi kitu. Anapiga kelele tu. Kihadzabe hakiko hivyo."

Mama, nimekuwa nikimfundisha tukiwa wawili, tukichota maji, tukichambua maharage. Mama mkwe alikataza tangu Elina azaliwe, anasema atachekwa shuleni. Aliniangalia, akarudisha macho kwenye televisheni.

Mwishoni yule mtoto anapelekwa mji mwingine, mama yake anabaki ameshika waya wa uzio. Mama mkwe alilia. Alilia kweli, anajifuta na khanga.

"Mtoto unamtengaje na mama yake? Watu wengine hawana utu."

Shemeji akazima. Mama mkwe akasema, kwa sauti ile ile: "Elina, chukua blanketi lako. Kuanzia leo unalala kwangu. Na Yaeda huendi."

Nikamwambia, "Mama, si umemlilia yule sasa hivi?"

"Ile ni sinema, mama Elina. Yule katoka nyotani. Wewe umetoka Yaeda, tunakujua."

Wala si mtu mbaya. Nilipojifungua alinikanda yeye, uji alinipikia yeye. Ndiyo maana hata hasira sijui niishikie wapi.

Baba Elina nilimpigia, akasema nimsikilize mama yake. Nikitaka kuja nije na huyu anayenyonya, Elina abaki. Mama, nikitoka bila yeye, nitakaporudi nitakuta msichana mwingine. Kwa hiyo siendi popote. Namwona kutwa, lakini bibi yake yuko nasi mpaka bombani. Tunasemeshana Kiswahili kama watu waliokutana mnadani.

Nimewaza sana. Mimi siwezi kutoka, ila wewe unaweza kuingia. Mama mkwe hawezi kumfukuza mzazi mwenzake mlangoni, anaogopa midomo ya watu wa kanisani. Panda lori la vitunguu uje, polepole na mguu wako huo.

Nisalimie kaka mrina asali, na shangazi aliyenilea mlipokuwa mbali. Mjomba mwenye mbwa mwambie nimesikia amepona, nimefurahi. Na dada anayesoma, asome hapa taratibu usikie vizuri: ukifika, usipige hodi kwa Kiswahili. Simama uani umwite Elina kwa lugha yetu, kwa sauti, majirani wote wasikie. Mimi nitakaa kimya. Ataitika mwenyewe.

Mwanao,
Mama Elina