Saikasi Ulizozificha Kwenye Mitende

Mamdogo,

Esta amenimwagia mapajani sasa hivi vitambaa kumi na viwili, anacheka, anasubiri nimsifu. Ni vipande vya kanga yako ile ya kijani niliyoichana. Kavifungua vyote kwenye miche. Mtoto hata miaka mitatu hajafika, viatu hawezi kuvaa mwenyewe, lakini mafundo yangu kayaweza.

Sijampiga. Nimembusu, nikamkalisha kivulini na kikombe cha uji, halafu nimekuja kukuandikia wewe, maana mwenye makosa ni wewe.

Kwa nini hukuandika, Mamdogo? Kibao kimoja tu, saikasi hapa, mitende pale. Wewe ukachukua saikasi zako, mimea ya bei inayofanana na mitende ila inakua polepole mpaka inatia hasira, ukazichanganya na miche ya mitende ya mapambo, viriba vile vile vyeusi, safu zile zile, ili mwizi asijue chenye thamani ni kipi. "Akija aumwe kichwa," ulisema, ukacheka mpaka ukakohoa. Mwizi hakuja. Kichwa kinaniuma mimi.

Tangu tukuzike, maji ya bomba ni ya kubahatisha, na upepo wa huku Nkuhungu unaujua, vumbi linalala kwenye majani mpaka yote yanafanana. Yule mama wa mtaa wa Kikuyu niliyemuuzia saikasi baada ya arobaini yako alirudi nayo juzi, kaipakata kama mtoto mgonjwa. "Dada, saikasi yako ina haraka. Shemeji yangu anasema huu ni mtende." Nilitamani ardhi inimeze. Bamdogo alikuwa pale pale na chai yake. Mumeo hana maneno mengi, unamjua. Alisema tu, "Mama Esta, kama miti huijui, tuitoe. Nijenge vyumba." Amenipa nafasi moja, na ni leo. Watu wa kanisa wanakuja kuchukua saikasi zote kumi na mbili zilizobaki. Zikiwa sahihi, kitalu kinabaki. Nikikosea tena, fundi anakuja kupima.

Tangu juzi nilikuwa nazitafuta na kuzifunga vitambaa. Sasa nimeanza upya, mche kwa mche, na ndoo ya maji na tambara la kufutia vumbi. Nakusikia ukinisema. "Usitazame mti mzima, mjinga wewe, shika ujani mmoja, kile kipande chembamba cha jani. Wa mtende umejikunja kama mfereji wa bati. Wa saikasi umelala bapa, una mshipa mmoja tu katikati." Siku ile uliniambia nifumbe macho, ukanishika kidole, ukakipitisha chini ya jani mpaka nikausikia ule mshipa. Nilikuwa na mimba ya Esta, miguu imevimba, nikakwambia shule yako hii ni ngumu kuliko ile ya darasa la saba niliyoishia. Ukasema, "Hii haina mtihani." Haya, njoo uone.

Nimepata kumi na moja. Hizo sina wasiwasi nazo. Wa kumi na mbili una jani moja tu, nalo limekauka nusu. Nikiligusa nasikia mshipa, nikiligusa tena nasikia mkunjo. Nimerudia mara tano. Wewe ungeutupia jicho moja huku unamenya karanga. Nimekukasirikia, Mamdogo, na nimekukumbuka, na leo sijui kipi kimeanza.

Lakini nimeamua. Sitabahatisha mbele ya kanisa la watu. Nitasema hizi kumi na moja ni saikasi, huu mmoja siujui, uachwe hapa mpaka utoe jani jipya. Nitasema Bamdogo akisikia. Akiona ni yale yale ya juzi, basi, lakini nadhani ataona siyo.

Lala salama, mama yangu mdogo. Nakuahidi hakuna mche utakaotoka hapa kwa jina lisilo lake. Vibao nitaandika, hata kama mwandiko wangu ni wa kuku. Na Esta akikua kidogo nitamshika kidole kama ulivyo...

"Mama Esta, wageni wako hao, uko wapi?" Ni Bamdogo, yuko getini, na sauti yake leo siielewi. Naenda, Mamdogo. Kumi na moja ni saikasi, na huo mmoja nitamwambia siujui.